Juu ya nini ba Mputu hatubaone tena?

Swali hili linarudi kila mara tukifungua simu kwenye kipindi cha michezo. Mtu anasalimia kwanza jamaa wa Kasungami, anasalimia na wa Kisanga, kisha anauliza: "Papa, juu ya nini hatuone tena ba numero 10 kama Mputu? Batoto ba leo banakimbia tu!" Wasikilizaji wengine wanamjibu haraka haraka: ni pesa, ni simu, ni kukosa nidhamu. Sisi tunapenda kujibu polepole, juu jibu lenyewe haliko sana kwa numero 10. Liko kwa mabeki.

Tuanze na kazi yake. Numero 10 ni yule mchezaji ambaye mpira unapita kwake mbele ya kufika kwa washambuliaji. Anasimama pale katikati, nyuma ya viungo wa adui na mbele ya mabeki wao, anapokea, anageuka, anainua kichwa, anatoa pasi ambayo watu wote wa pembeni ya uwanja hawakuiona. Ili afanye vile anahitaji vitu viwili tu: nafasi na muda. Mita tatu, sekunde mbili. Historia yote ya ulinzi kwa miaka hamsini iliyopita ni historia ya kumnyang'anya hizo mita tatu na hizo sekunde mbili.

Zamani ulinzi ulikuwa wa mtu na mtu wake. Kocha anachagua beki mmoja mgumu, anamwambia: wewe leo kazi yako ni yule tu, akienda kunywa maji umfuate. Nyuma ya wote anabaki mchezaji mmoja huru, libero, wa kufagia kila kilichopita. Ule ulikuwa wakati wa mabeki wakubwa, na sisi watu wa Lubumbashi tulikuwa na mmoja wao: Bwanga Tshimen wa Mazembe, aliyechukua Mpira wa Dhahabu wa Afrika mwaka 1973. Beki, si mfungaji wa magoli! Wazee waliomuona wanasema alicheza amevaa kama mtu anayeenda misa, hachafuki. Tuwaachie wazee maneno yao, lakini zawadi ile iko kwenye vitabu.

Ulinzi wa mtu na mtu wake uliumiza sana. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania, beki wa Italia Claudio Gentile alimshika Diego Maradona jezi, mabega na miguu mechi nzima, na Italia ikapiga Argentina 2-1. Hata hivyo ulinzi ule ulikuwa na tundu moja kubwa. Yule beki mmoja akipitwa, mlango umefunguka, anabaki libero peke yake. Na tena, kama numero 10 ni mjanja, anamvuta mlinzi wake mpaka pembeni ya uwanja na kuachia wenzake katikati tupu. Kwa hiyo chenga moja ilikuwa na bei. Mtoto aliyejua kumpita mtu mmoja alikuwa na kazi ya maisha.

Halafu mabeki wakaacha kufuata mtu, wakaanza kufuata mpira na kufuatana wao kwa wao. Walioionyesha dunia njia hii vizuri zaidi ni AC Milan ya kocha Arrigo Sacchi, mabingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990. Mistari mitatu ya ekipi inakaribiana, toka mshambuliaji mpaka beki wa mwisho kunabaki umbali mdogo, na wote wanasogea pamoja kulia, kushoto, mbele, nyuma. Numero 10 akipokea mpira hamkuti mlinzi wake, anakuta watatu au wanne wamemzunguka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamfuata. Ni sawa na kutafuta njia ndani ya taksi-basi ya saa kumi na mbili jioni. Si mtu mmoja anayekuzuia, ni wote, na ukimsukuma mmoja unaangukia mwingine. Pale chenga moja haina tena bei, maana ukimpita wa kwanza wa pili ameshafika.

Hapo bado hatujafika kwa mtu aliyefunga kabisa lile dirisha, na huyo ametoka kwetu. Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akakulia Ufaransa, akachezea nchi ile. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mabeki, mahali pale pale numero 10 anapopenda kupokea mpira, na kukaa pale dakika 90. Hapigi mashuti, hatafuti makofi. Mwaka 2003 Real Madrid walimwachilia aende Chelsea, wakabaki na nyota wengi wa mbele, na ubingwa wa Hispania hawakuupata tena mpaka 2007. Yeye kule Uingereza alichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Toka hapo nafasi yenyewe ikapewa jina lake. Makocha wa nchi nyingi wakasema wanatafuta "Makélélé" wao. Leo hakuna ekipi ya maana isiyo na numero 6 wa namna ile, wengine wanaweka wawili. Basi jiulize: kama nyumba yako iko kiwanja namba kumi, na mtu amejenga ukuta kwenye mlango wako, utaendelea kupita pale pale?

Sasa tuje kwa Trésor Mputu Mabi mwenyewe, maana watu wanamtaja kama ndoto na wanasahau mambo yalivyoenda. Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wake. Mwezi wa tatu, kule Abidjan, alikuwa kapiteni wa Léopards waliochukua CHAN ya kwanza kwa kuipiga Ghana 2-0, na akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Mwezi wa kumi na moja Mazembe ikachukua Ligi ya Mabingwa mbele ya Heartland ya Nigeria: walipigwa 2-1 kule, wakashinda 1-0 hapa Lubumbashi, goli la ugenini likaamua. Kwa kazi ya mwaka ule akapewa zawadi ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya Afrika. Alikuwa na ule mguu wa kusimamisha mpira na mwili wa kudanganya, na juu ya yote alikuwa na subira. Alingoja mpaka mtu akimbie, njo anatoa.

Mwaka 2010, kwenye Kombe la Kagame kule Kigali, kulitokea fujo na mwamuzi, na FIFA ikamfungia Mputu mwaka mmoja. Mji mzima ulilia. Tulisema Mazembe imekufa.

Haikufa. Mazembe ya kocha Lamine N'Diaye ilichukua tena Ligi ya Mabingwa bila Mputu, ikiipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa kwetu na kutoka 1-1 kule. Mwezi wa kumi na mbili ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu, ikaitoa Pachuca ya Mexico 1-0, halafu tarehe 14 ikaipiga Internacional ya Brazili 2-0, magoli ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Kila mtu anakumbuka Kidiaba akiruka-ruka kwa makalio kwenye majani. Lakini wachache wanakumbuka nani alikuwa numero 10 upande wa pili: Andrés D'Alessandro, Muargentina, mguu wa kushoto wa hatari, ambaye mwaka ule ule alipewa taji la mchezaji bora wa Amerika ya Kusini. Internacional walipata nafasi zao, Kidiaba akazuia. Mazembe ikabana katikati, ikangoja, ikaondoka mbio wakati Wabrazili wamefunguka.

Ndugu msomaji, uone mambo yalivyo. Tunalia kwamba mpira wa kisasa umeua ba numero 10, na siku ile ya furaha kubwa kupita zote, sisi wenyewe njo tulimzima mmoja wao. Tulimzima kwa ulinzi wa pamoja na kwa mbio. Tulishangilia.

Fainali ilikuwa habari nyingine. Inter ya Milano ilifunga mara mbili ndani ya dakika 17 za kwanza, Pandev na Eto'o, na ikamaliza 3-0. Ukiwa umepigwa mawili mapema, mbio hazisaidii tena, kwa sababu adui hafunguki: anarudi nyuma, anafunga mlango, anakuachia mpira. Pale unahitaji mtu wa kutafuta tundu ndani ya ukuta. Mimi naamini siku ile tulimkosa Mputu kuliko siku nyingine yoyote, ingawa sitasema tungeshinda. Kwa hiyo wale wanaosema numero 10 hana kazi tena, hawasemi kweli yote. Kazi iko. Kilichopungua ni ekipi zinazokubali kulipa bei yake kwenye zile dakika ambazo hana mpira.

Maana bei ilipanda tena. Kwa miaka kumi na tano hivi sasa ekipi kubwa hazingoji adui afike; zinambana kule kule kwake, mara tu mpira unapopotea. Washambuliaji wote wanakimbilia mwenye mpira, wanafunga njia za pasi, wanamlazimisha akosee. Tunaita presingi. Ndani ya presingi hakuna mchezaji wa kupumzika. Kumi wakikimbia na mmoja akasimama mikono kiunoni, mpira unapita pale aliposimama na kazi ya wote imekuwa bure. Mesut Özil, bingwa wa dunia na Ujerumani mwaka 2014, mmoja wa watoa pasi wazuri wa wakati wake, mwaka 2020 aliachwa nje ya listi za Arsenal, ya ligi na ya Ulaya pia. Watu walibishana sana juu ya sababu, na bado wanabishana. Lakini ukitazama mpira ulivyokuwa umegeuka, ekipi za kumbebea mtu wa namna yake zilikuwa zimebaki chache.

Wale walio na ndugu kule Marekani wanajua kwamba na mpira wao, ule wa kushika mikononi, unafuata njia hii. Kule mchezaji anayeanzisha kila kitu wanamwita kwotabeki, yeye njo numero 10 wao, na pasi anatupa kwa mkono. Patrick Mahomes wa Kansas City alikuja na pasi ndefu za kutisha, akachukua ubingwa mwanzoni mwa 2020. Wapinzani wakajibu kwa kurudisha mabeki wawili nyuma kabisa, wakisema: pasi ndefu hupati, ukitaka pata fupi. Mwaka 2021 ilimsumbua, akawa analazimisha na mipira inakamatwa. Halafu akakubali. Akaanza kula kidogo kidogo, pasi fupi baada ya pasi fupi, mpaka mabeki wanasogea wenyewe, na akachukua ubingwa tena 2023 na 2024. Hakubadilisha mkono, alibadilisha subira yake.

Kwenye mpira wetu wa miguu, ba numero 10 waliopona walifanya kitu kama hicho: walihama. Andrea Pirlo alianza kama numero 10, na kule mbele alikuwa anabanwa. Mwaka 2001, akiwa Brescia, kocha Carlo Mazzone alimshusha mbele ya mabeki wake mwenyewe, mahali ambapo presingi ya wakati ule haikufika. Akapata tena zile sekunde mbili, akiwa mbali zaidi na goli, na mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia. Messi yeye alihama toka pembeni kuja katikati, akicheza kama mshambuliaji asiyekaa mahali pake: tarehe 2 mwezi wa tano 2009 Barcelona ilifunga Real Madrid 6-2 kwao, na mabeki wa Madrid hawakujua kama wamfuate au wabaki. Ukimfuata unaacha tundu, ukibaki anageuka na kukujia.

Hapa kwetu tulikuwa na mfano wetu tena, bila kwenda mbali. Rainford Kalaba, Mzambia wetu, alikuwa na akili ya numero 10, lakini mara nyingi alianzia pembeni, upande wa kushoto. Kule pembeni ukuta ni mwembamba. Mstari wa uwanja unakulinda upande mmoja, anayekukabili ni beki mmoja, wengine wako mbali. Kalaba aliingia ndani akitokea pale, tayari anatazama goli, badala ya kupokea katikati amewapa adui mgongo. Kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2016, mechi ya marudio hapa Lubumbashi, Mazembe iliipiga MO Béjaïa ya Algeria 4-1, na Kalaba alifunga mara mbili. Watu waliokuwa wanauliza "Mputu mupya iko wapi?" walikuwa wanatazama katikati, wakati jibu linapita kwenye mstari wa pembeni mbele ya macho yao.

Hata Léopards waliofika nusu fainali ya CAN mwanzoni mwa 2024, chini ya kocha Sébastien Desabre, walipangwa kwa akili hiyo. Katikati watu wa kukata mipira na kukimbia, kama Samuel Moutoussamy na Charles Pickel, na ujanja umepelekwa pembeni kwa ba Wissa, ba Bongonda na Meschack Elia, yule yule aliyetoka Mazembe na kuwa mchezaji bora wa CHAN ya 2016.

Turudi Kasungami, juu hapa njo kuna maumivu. Jioni ukipita kwenye viwanja vyetu vya vumbi utaona kila kimoja kina mtoto mmoja ambaye wenzake wanampa mipira yote. Watu wanamwita Mputu, au jina la nyota wa mwaka huu. Anapita watatu, wanne, mama anayeuza karanga anapiga vigelegele. Kisha anaenda kwenye testi ya ekipi kubwa, na dakika kumi baadaye wanamwambia asante, wa kufuata. Anarudi nyumbani, papa anasema wameomba pesa. Mara nyingine pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mtoto alipokea mpira ameutazama, akainua macho, akakuta watu wawili wameshafika.

Si kosa lake. Kwenye uwanja wa mashimo na vijiwe, mpira unadunda vibaya, kwa hiyo miaka yote unajifunza kuinamisha macho mpaka mpira utulie mguuni. Ni akili, sio ujinga. Usipotazama utaonekana mjinga wewe. Lakini kwenye majani ya bandia kama ya uwanja wa Mazembe kule Kamalondo, mpira unakuja mbio na sawasawa, na wale waliokulia juu ya majani hayo wanatumia muda ule kutazama watu, sio mpira. Kwa hiyo mtoto wetu anapigwa mara mbili: ulinzi umepunguza sekunde zake, na vumbi limeshamla moja kati ya zile zilizobaki.

Makocha wa mtaa wanaotuandikia wanauliza wafanye nini bila majani na bila vifaa. Kuna vitu visivyoomba pesa. Tengeni kieneo kidogo, hatua kumi kwa kumi, wanne ndani wakicheza dhidi ya wawili, na kila mtu agusa mpira mara mbili tu. Kabla pasi haijafika, kocha anayesimama nyuma anainua vidole, na anayepokea ataje ni vidole vingapi. Asipotaja, mpira unapotea kwake. Watoto watacheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu shingo zimeanza kugeuka zenyewe. Mpeni yule fundi wa chenga wiki kadhaa za kucheza pembeni, na nyingine za kucheza mbele ya mabeki, ajue uwanja unavyoonekana toka kule. Na akipoteza mpira akimbie nyuma hatua tano kabla ya kulalamika kwa mwamuzi. Hizo hatua tano njo zinaandikwa kwenye daftari la mtu wa testi, sio chenga.

Chenga zenyewe msizizime. Kuna makocha wa mtaa siku hizi wanamkemea mtoto wa miaka tisa kila akimpita mtu, eti mpira wa kisasa ni pasi. Mtoto wa miaka tisa apite watu mpaka achoke. Ukuta ukikaza sana, kama ule wa Inter, bado ni huyo huyo atakayetafutwa.

Wikendi hii ukienda kutazama mechi, hapa kwenye vumbi au kwenye televisheni ya jirani, fanya kitu kimoja. Chagua yule mnayemwita numero 10, umtazame yeye tu dakika kumi, uache mpira. Hesabu mara ngapi anageuza kichwa kabla mpira haujamfikia. Halafu utupigie simu, utuambie ni ngapi, na kama mtoto anatoka Kasungami utuambie anacheza uwanja gani.